Msalaba wa Udongo Mwekundu

Mwaka ule wa 1953 nilikuwa na miaka ishirini, na kazi yangu ilikuwa kuchambua mawe. Tulikuwa wanawake kumi na mmoja chini ya banda la mabati, katika mgodi mdogo wa dhahabu upande wa Geita. Toroli zilitoka shimoni zikamwaga mawe juu ya meza ndefu, nasi tukatenga yale meupe ya kwenda kwenye kinu na yale meusi ya kutupwa. Mikono yetu ilikuwa migumu kama ya wanaume, lakini tulicheka sana, na rafiki yangu Limi ndiye aliyetuchekesha.

Mume wangu Mihayo alifanya kazi chini ya ardhi. Baba yake, Mzee Bujiku, alilinda pampu kwenye lambo, lile bwawa lililochimbwa ili kinu kipate maji. Lambo halikuwa mbali na banda letu. Kutoka mezani niliweza kumwona akiondoa magugu kwenye mdomo wa bomba kwa fimbo yake ndefu.

Nimesema niliweza kumwona, lakini uso wake nilikuwa siujui. Kwetu Wasukuma, mke wa mtoto na baba mkwe wake hawagusani. Nikikutana naye njiani natoka njiani, napiga goti mbali kidogo, naamkia nikitazama chini. Chakula chake nakiweka chini naondoka, ndipo anakuja kukichukua. Niliolewa kutoka Ibadakuli, kule Shinyanga, na kwa miaka miwili na nusu Mzee Bujiku nilimjua kwa miguu yake tu. Alivaa katambuga za tairi, na kidole kikubwa cha mguu wa kushoto hakikuwa na ukucha.

Nilimjua pia kwa kikohozi chake. Kila alipokaribia kona ya nyumba, au kichochoro cha kwenda kisimani, alikohoa mara mbili kabla hajatokea. Hakuwa mgonjwa wa kifua. Alikohoa ili nipate muda wa kushusha ndoo na kujitenga bila kukimbia. Mwanzoni sikuelewa. Nilipoelewa, nilimpenda mzee yule, ingawa sikuwa na njia ya kumwambia.

Basi, mwezi wa nne mwaka ule, jiwe lilimvunja mguu mwenzetu mmoja aitwaye Cornel. Wenzake walimbeba kwa mikono na miguu kama mbuzi wa sherehe, kwa mapenzi tu, wakikimbia ili wamfikishe upesi. Mguu ukaharibika zaidi kwa kule kubebwa. Cornel akawa mtu wa mkongojo. Baada ya hapo Bwana Meneja aliagiza kwamba kila sehemu ya kazi itoe mtu mmoja wa kufundishwa huduma ya kwanza. Wanawake wa mezani walinichagua mimi kwa sababu niliweza kusoma. Masista wa misheni walikuwa wamenifundisha.

Mwalimu wetu alikuwa dresa, mfunga vidonda wa zahanati ya mgodi, Bwana Stanslaus, mtu wa Bukoba, mwembamba, asiye na haraka. Kila Alhamisi baada ya kazi tulikusanyika nje ya zahanati, wanaume kumi na mimi. Alitufundisha kuzuia damu, kufunga mfupa uliovunjika kwa mbao mbili, na kumwacha majeruhi alipolala mpaka machela ije. Alirudia neno moja mara ishirini bila kukasirika. Alisema atakayefaulu mtihani wa mwezi wa kumi na mbili atapewa kitambaa cheupe cha kufunga mkononi, chenye msalaba mwekundu.

Wanaume hawakutaka kuwa wagonjwa wa mazoezi. Kulala kifudifudi chini, wenzako wamesimama, waliona ni aibu. Limi, aliyekuwa akinisindikiza tu, akasema yeye hana aibu ya kulala. Toka siku hiyo akawa mgonjwa wetu. Tulimfunga mbao, tulimfunga kichwa, tulimweka kwenye machela. Mara nyingine alisinzia kweli, na Bwana Stanslaus akamwambia kwamba katika miaka yake yote ya kazi hajapata maiti mtiifu kama yeye.

Somo lililotushinda lilikuwa la mtu aliyekufa maji. Mgonjwa analazwa kifudifudi, mikono imekunjwa chini ya kichwa, shavu juu ya viganja. Unamsafisha mdomo kwa kidole. Kisha unapiga goti mbele ya kichwa chake, unaweka viganja mgongoni, chini ya mifupa ya mabega, unaegemea mbele kwa uzito wako ili hewa mbaya itoke. Halafu unarudi nyuma, unashika viwiko vyake, unaviinua ili hewa nzuri iingie. Bwana Stanslaus alituhesabia moja mpaka nane. Sote tulipotea. Mmoja alikandamiza mbio mbio, mwingine akasahau viwiko, na mimi nikawa nahesabu vizuri huku mikono imesimama.

Limi akainua kichwa kutoka chini akasema, kwa uchovu wa mtu aliyekandamizwa na watu kumi, "Mbona mnahesabu? Limeni tu."

Kwetu watu hulima kwa pamoja, mstari mmoja, na jembe la kila mtu huinuka na kushuka kwa wimbo. Niliufuata wimbo wa jembe kimoyomoyo: kushuka, kungoja, kuinua, kungoja. Mikono ikaenda yenyewe. Wanaume wakajaribu, nao wakaweza. Bwana Stanslaus alitoa saa yake mfukoni, akaitazama dakika nzima, akairudisha, akasema hatutahesabu tena.

Siku hiyo hiyo nilikuwa na swali lililonisumbua, nikamnong'oneza Limi aniulizie. Limi akasimama akaliuliza kwa sauti. Je, kama aliyekufa maji ni mkwe wako?

Wanaume walicheka, kisha wakanyamaza wote kwa pamoja, maana kila mmoja alikuwa na mama mkwe mahali. Bwana Stanslaus hakucheka. Alisema kwao Bukoba wana desturi zao, na hizi zetu hazijui vizuri, kwa hiyo hatajibu kwa kubahatisha. Wiki mbili zikapita. Alhamisi ya tatu akaja na jibu. Mtu akivaa alama ya hospitali, alisema, hana ukwe na mtu yeyote mpaka aivue. Tulimuuliza kalitoa wapi neno hilo. Akasema kwa mtu mzima anayejua, basi.

Mwezi wa kumi na moja mvua zikaanza, na mbao za pale kwenye bomba zikawa na utelezi.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Nilisikia kelele upande wa lambo, nikainua macho, sikuiona ile fimbo ndefu. Niliacha mawe nikakimbia, Limi nyuma yangu. Tulipofika, Selestine, mmoja wa wasukuma toroli, alikuwa amekwisha kuingia majini na kamba kiunoni, na wenzake wamemvuta yeye pamoja na mtu aliyemkumbatia. Walikuwa wamemlaza ukingoni na kumfunika kwa shuka. Selestine alikuwa anatetemeka, maji yakimchuruzika, akilia kama mtoto. Alisema amechelewa.

Watu walikuwa wamezunguka. Waliponiona wakaungana bega kwa bega ili nisipite. Hawakunizuia kwa ubaya. Shati la mzee lilikuwa limevuliwa na maji, na mkwe hapaswi kumwona baba mkwe katika hali hiyo. Walinizuia kwa heshima, heshima yangu na yake. Lakini chini ya shuka miguu ilikuwa imetokeza, na kidole kikubwa cha kushoto hakikuwa na ukucha.

Niliuliza kama anapumua. Wakasema hapana. Niliuliza Bwana Stanslaus yuko wapi. Wakasema amekwisha kuitwa, na zahanati iko mbali, ng'ambo ya kilima. Wale wanaume kumi tuliofundishwa nao, wote walikuwa chini ya ardhi, na Mihayo wangu pia.

Nilisimama pale. Nataka niseme kweli, kwa sababu watu wakisimulia habari hii huruka mahali hapo. Nilisimama muda wa kuvuta pumzi tatu au nne. Mkononi sikuwa na kitambaa chochote, maana mtihani ulikuwa bado. Niliwaza kwamba nikimgusa nitarudishwa Ibadakuli, na nisipomgusa nitapika kwenye msiba wake nikijua kwamba ningeweza kumwokoa. Kisha nikakumbuka kikohozi chake pale kwenye kona ya nyumba, na sikuwaza tena.

Nikapita katikati ya watu, nikaondoa shuka.

Tulimgeuza kifudifudi, mimi na Selestine. Nilimkunja mikono, nikamweka shavu juu ya viganja, nikatoa tope na majani kinywani kwa kidole changu. Nikapiga goti mbele ya kichwa chake. Kupiga goti mbele ya mkwe ni adabu. Nilichofanya baada ya goti ndicho kilichowafanya wanawake nyuma yangu washike vichwa. Niliweka viganja vyangu mgongoni mwa baba mkwe wangu, nikaegemea.

Sauti zilianza. Mtu mmoja aliniita kwa jina la baba yangu, akaniuliza kama nimerukwa na akili. Sauti iliyokuwa karibu zaidi ilikuwa ya Mzee Ngassa, mdogo wake Mzee Bujiku, aliyekuwa fundi wa mipini pale mgodini. Aliniamuru nimwache marehemu. Mwendo ukanipotea.

Ndipo Limi akapiga magoti kando yangu. Alikuwa amechana ukanda wa gunia la unga alilojifunga kiunoni wakati wa kazi. Alichovya kidole katika udongo mwekundu wa ukingoni, akachora mstari mmoja wa kusimama na mmoja wa kulala, akanifunga ukanda ule mkononi huku mimi nikiendelea kuegemea na kuinua.

"Sasa wewe ni hospitali," akasema. "Lima."

Kisha akatazama mikono yangu kwa makini, akasema, "Shusha kidogo. Hapo juu panauma tu, hakutoki hewa. Mimi napajua."

Na kweli alipajua. Alikuwa amekandamizwa hapo kila Alhamisi kwa miezi mitano. Nikashusha viganja, na maji yakatoka kinywani mwa mzee.

Limi akaanza ule wimbo wa jembe, polepole, kwa sauti ya chini. Selestine akaupokea, na wanawake wa mezani waliokuwa wamefika wakaupokea. Waliokuwa wakinigombeza walinyamaza, kwa sababu ni vigumu kumgombeza mtu ilhali wenzako wote wanaimba. Kushuka, kungoja, kuinua, kungoja. Jasho lilinidondoka mpaka kwenye nywele zake nyeupe. Nadhani nilikwenda muda wa mtu kulima matuta mawili marefu. Magoti yalikufa ganzi. Selestine aliniambia nipumzike, nikatikisa kichwa.

Kisha, chini ya viganja vyangu, mgongo ukajikunja wenyewe. Mzee Bujiku akakohoa. Akakohoa mara ya pili.

Nilikijua kikohozi kile. Hakuna mtu mwingine pale aliyekijua kama mimi.

Wimbo ulikatika. Wanawake walipiga vigelegele mpaka watu wa kinuni wakasimamisha mashine kuuliza kuna nini. Mimi nilikuwa na kazi bado. Nilimlaza ubavu, nikawaomba wanawake kanga zao, wakazivua za juu zote bila neno, tukamfunika. Mtu mmoja alikuja mbio na kibuyu cha pombe ili mzee apate nguvu. Nikamwambia kwa upole mgonjwa hanywi kitu sasa, akiwa na kiu anywe yeye mwenyewe. Akanywa kweli, maskini.

Bwana Stanslaus alifika akihema. Alipiga goti, akashika mshipa wa mkono wa mzee, akatazama kinywa, akatazama kanga saba, akatazama ule ukanda wa gunia mkononi mwangu. Alivua koti lake jeupe akaliongeza juu ya zile kanga.

Mzee alilala zahanati siku nne. Siku ya tano, ndugu waliitana nyumbani kwake.

Mimi sikuitwa ndani. Nilikaa nje nyuma ya ukuta, nikisikia yote. Mihayo, kama kijana mbele ya wazee, hakuwa na ruhusa ya kusema kabla hajaulizwa. Basi alitoka, akaja akakaa chini karibu yangu, bega lake likigusa langu, naye akasikiliza kutoka huko nje. Ilikuwa ni kusema pia, na wazee walimwelewa.

Mzee Ngassa ndiye aliyezungumza kwa muda mrefu. Sikumchukia, hata leo simchukii. Alikuwa anaogopa. Alisema ndugu yake kupona ni jambo la kushukuru, lakini mkwe kumshika mkwe mgongoni mbele ya watu ni jambo ambalo huiandama nyumba mpaka kwa wajukuu. Akataka nirudishwe Ibadakuli kwa wazazi wangu mpaka mambo yatengenezwe. Wengine waliguna kukubali. Niliwaza njia ya kurudi, na jinsi mama yangu atakavyonipokea mlangoni.

Kisha nikasikia sauti ya Mzee Bujiku, dhaifu, kila neno likitoka peke yake.

"Mwezi wa nane yule dresa alikuja lambo. Akakaa juu ya jiwe akaniuliza: mtu akifa maji, na mkwe wake yupo, afanye nini? Nikamwambia arudi baada ya siku mbili. Nilifikiri siku mbili, Ngassa, sikufikiri kitu kingine. Aliporudi nikamwambia: avae alama ya hospitali, naye hana ukwe mpaka aivue. Neno lile ni langu. Mnataka nilirudishe leo, baada ya kula faida yake?"

Nje, Mihayo alinishika mkono. Sikujua. Katika wiki zile zote sikujua kwamba swali langu lilitembea mpaka kwa mtu yule yule niliyekuwa nikimuulizia.

Mzee Ngassa akauliza, kwa sauti iliyokwisha kushuka, hiyo alama ilikuwa wapi. Mtihani ulikuwa bado, hakuna aliyekuwa na kitambaa.

Limi hakuwa ndugu wa nyumba ile na hakualikwa. Lakini alikuwa amesimama mlangoni muda wote kama mtu anayesubiri kuazima kinu cha kutwangia. Akaingia, akapiga goti, akaweka chini ule ukanda wa gunia. Alikuwa ameutunza.

Waliupitisha mkono kwa mkono. Nilisikia mtu akisema msalaba umekaa upande. Mzee Bujiku aliomba uletwe kwake.

"Udongo huu ni wa lambo langu," akasema. "Naujua. Sina kesi na mtu."

Ngassa ndiye aliyetoka wa kwanza. Alipita karibu na tulipokaa, akasimama, akakohoa mara mbili ingawa alikwisha kuniona. Kesho yake nilikuta mlangoni mpini mpya wa jembe, umelainishwa vizuri sana. Sikuuliza nani kauleta.

Mtihani ulifanyika katikati ya mwezi wa kumi na mbili. Daktari mgeni alikuja na gari, akatuuliza mmoja mmoja, na Limi akalala chini kwa mara ya mwisho, amevaa gauni lake jipya. Tulifaulu wote kumi na mmoja. Daktari alitaka kujua kwa nini watu wa mgodi huu hukandamiza kwa kuimba. Bwana Stanslaus akamwambia huo ndio ufundi wa hapa.

Watu wote wa zamu ya mchana walikusanyika nje ya zahanati. Tuliitwa kwa majina, na kila mmoja akafungwa kitambaa chake cheupe mkononi, msalaba umeshonwa kwa uzi mwekundu. Mimi niliitwa wa mwisho. Wanawake wa mezani walipiga vigelegele kabla jina halijamalizika.

Ndipo nyuma ya watu nikasikia kikohozi. Mara mbili.

Mwili wangu ulijua la kufanya kabla yangu. Nilirudi nyuma nikaanza kushuka goti, macho chini. Zile katambuga zikaja mpaka karibu, karibu kuliko zilivyowahi kuja, zikasimama.

"Usipige goti," akasema. "Una kitambaa."

Nikabaki nimeinama nusu, sijui kwenda juu wala chini. Mzee Bujiku akasema, polepole, ili kila mtu asikie, "Shikamoo, hospitali."

Mzee wa miaka sitini na kitu, kwangu mimi. Sikuweza kujibu. Nilisikia Limi nyuma yangu akininong'oneza kwamba hospitali haijawahi kuwa bubu. Basi nikasimama wima, nikainua macho, na kwa mara ya kwanza nikauona uso wa baba mkwe wangu. Alikuwa na kishimo shavuni upande wa kulia, kama Mihayo. Miaka miwili na nusu sikujua mume wangu kakitoa wapi kile kishimo.

"Marahaba," nikasema.

Kicheko kilichotoka hapo sijakisikia tena maishani mwangu. Selestine alirusha kofia yake juu ya bati la zahanati na haikushuka. Bwana Stanslaus alifuta miwani yake, akaivaa, akaifuta tena.

Mzee Bujiku alingoja kelele zitulie. Kisha akasema, akiniita mama kwa Kisukuma, "Sasa kivue, mayu, mkwe wangu aniamkie."

Nikakivua kile kitambaa, nikakikunja, nikakishika kwa mikono miwili. Nikatoka pembeni hatua tatu, nikapiga goti, nikatazama katambuga zake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," akasema, akashika njia yake ya kurudi lambo. Alipofika kona ya zahanati, ambapo hapakuwa na mtu wa kujitenga, nilimsikia akikohoa.